Kuziba Matundu ya Nguo za Watoto Nyumbani: Kutoka Goti la Suruali hadi Kwapa la Kanzu

Nguo ya mtu mzima huchakaa polepole mwili mzima, lakini ya mtoto hutoboka mahali pachache panapojulikana: magotini, makalioni, viwikoni, kwapani na kwenye pembe za mifuko, huku sehemu iliyobaki ikiwa bado nzima na yenye rangi yake. Kwa sababu hiyo, nguo nyingi za watoto zinazogeuzwa matambara ya kupigia deki katika nyumba zetu za Mombasa zingeweza kuvaliwa muhula mwingine mzima iwapo tundu moja lingezibwa mapema. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziba matundu hayo kwa sindano ya mkono, bila cherehani, na unashikilia jambo moja kuliko mengine yote: kabla ya kutunga uzi, tambua kwanza tundu limetokana na nini na kitambaa ni cha aina gani. Kiraka kizuri kilichowekwa kwa njia isiyokifaa kitambaa hakidumu, kwani huirarua nguo upya pembezoni mwake.

Vifaa na mahali pa kupata vitambaa vya viraka

Unahitaji sindano za unene wa aina mbili au tatu, pini kadhaa, mkasi mdogo wenye ncha kali, subana ya kukinga kidole, kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, na pasi. Nunua uzi wa poliesta kwa ajili ya sare na nguo za kila siku, kwa kuwa hauozi upesi kwa jasho na haukatiki kirahisi. Rangi ya uzi ichaguliwe mchana karibu na dirisha, kwa kuufungua uzi mmoja na kuulaza juu ya nguo. Ukikosa rangi iliyo sawasawa, chukua iliyokoza kidogo, kwa sababu uzi mweupe zaidi ya kitambaa huonekana kwa mbali ilhali uliokoza hujificha. Kata uzi usiozidi dhiraa moja na nusu, maana uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, kisha upitishe mara moja juu ya mshumaa ili uteleze.

Unyevu wa pwani huzitia sindano kutu kwa haraka, na sindano yenye kutu huacha doa la kahawia kwenye shati jeupe na huvuta nyuzi za kitambaa. Zihifadhi zikiwa zimechomekwa kwenye kitambaa kikavu kilichopakwa mafuta kidogo ya cherehani, ndani ya kopo lenye kifuniko, na uzipanguse kabla ya kuzitumia.

Ama vitambaa vya viraka, mahali pa kwanza pa kutafuta ni nguo yenyewe. Sare hununuliwa kubwa kusudi mtoto akue nayo, na upindo wake wa chini mara nyingi huwa na vidole vitatu au vinne vya kitambaa kisichotumika. Shati la shule lina sehemu ya chini inayochomekwa ndani ya kaptura, ambayo imefuliwa mara nyingi sawa na shati zima na kwa hiyo rangi yake imepauka kwa kiasi kilekile; ukikata kipande hapo na kuziba nafasi yake kwa kitambaa kingine chochote cheupe, hakuna atakayeona. Baada ya hapo kuna leso (kanga) kuukuu, ambayo ni pamba laini iliyokwisha kunywea, na kuna nguo za mitumba za Kongowea au Mwembe Tayari zinazouzwa kwa bei ndogo kwa kuwa zina doa au zipu mbovu. Mafundi wengi pia huwa na mabaki ya vitambaa chini ya cherehani zao na hawakatai kuyatoa. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa kiraka, kwani hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza, na kikinywea kikiwa tayari kimeshonwa, nguo hukunjamana kukizunguka.

Kulitambua tundu

Fua nguo, ianike hadi ikauke kabisa, ipige pasi, kisha iinue mbele ya dirisha mwanga upite ndani yake. Ikiwa uzi wa mshono ndio uliokatika na kitambaa chenyewe ni kizima, huo ni mshono uliofumuka. Ikiwa kitambaa kina nguvu lakini kimekatwa kwa mstari, kwa mfano kilipokwama kwenye msumari au seng'enge, hicho kimechanika. Ikiwa tundu limezungukwa na eneo jembamba ambalo mwanga unapenya kama kwenye chujio, kitambaa kimelika, na eneo hilo lote ni lazima lifunikwe, si tundu peke yake. Kosa la kawaida la viraka vya magotini ni hilo: kiraka hutoshelezwa kwa tundu linaloonekana, kikashonewa kwenye nyuzi zilizokwisha kulika, na wiki chache baadaye kikabanduka pamoja na ukingo wake.

Angalia pia kama kitambaa kimefumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, kama kaki, jinzi na vitambaa vya mashati, au kama ni cha vitanzi vinavyonyumbuka, kama fulana na sweta. Kivute kidogo kwa vidole kuelekea upana: cha fulana kitafuata mkono wako na kurudi. Aina hizi mbili hazizibwi kwa namna moja.

Mshono uliofumuka, na habari ya kikwapa

Pindua nguo iwe ndani nje, ng'oa vipande vya uzi uliokatika, na ulinganishe kingo mbili kwa kufuata vijitundu vya mshono wa zamani. Shona kwa mshono wa kurudi nyuma: sindano itokeze mbele kwa milimita tatu hivi, irudi kuingia pale pigo lililotangulia lilipoishia, kisha itokeze mbele tena, ili upande wa juu usiwe na nafasi kati ya mapigo. Anza sentimita mbili kabla ya mahali palipofumuka na umalize sentimita mbili baada yake, juu ya mshono ambao bado ni mzima. Makalioni, ambapo mtoto huvuta nguo kila anapochutama, pita mara mbili.

Lakini mshono wa kwapani ukifumuka mara kwa mara, uzi hauna kosa. Nguo imekuwa ndogo, na kuushona tena palepale ni kuhamishia mpasuko kwenye kitambaa, ambacho kitachanika badala ya uzi. Hapa ushonaji wetu wa kanzu una jibu zuri sana, ambalo ningependa lirudi kutumika kwenye nguo zote za watoto. Kanzu hukatwa kwa badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, na kikwapa chini ya kila mkono, na kazi ya kipande hicho kidogo ni kuuwezesha mkono kunyanyuka bila kuivuta badani. Kipande hicho kinaweza kuongezwa kwenye shati la shule, gauni, hata kanzu ya madrasa iliyoshonwa kwa haraka bila kikwapa.

Fumua mshono wa chini ya mkono kwa urefu wa sentimita 5 kutoka kwapani, na mshono wa ubavuni kwa urefu huohuo, bila kuugusa mshono unaozunguka tundu la mkono. Kata kipande cha mraba chenye sentimita 7 kila upande, ambazo 5 ni za kikwapa chenyewe na 1 ya kila ukingo ni ya kushonea. Kilaze kikiwa kimeelekea pembe: pembe moja iingie mwisho wa ufa wa mkononi, ya pili mwisho wa ufa wa ubavuni, na zile mbili zilizobaki ziangukie kwenye mshono wa tundu la mkono, moja mbele na moja nyuma. Piga bandi kwanza, yaani mapigo mepesi ya kushikilia kwa muda, mvalishe mtoto na umwambie anyanyue mikono, kisha ndipo ushone kwa mshono wa kurudi nyuma, upande mmoja baada ya mwingine, ukisimama na kukaza uzi kwenye kila pembe. Malizia kwa kuzungushia uzi kingo zote ili zisifumuke.

Goti na makalio: kiraka cha ndani

Hii ndiyo kazi itakayorudi mikononi mwako mara nyingi zaidi, na inafaa kufanywa bila pupa. Mguu wa suruali ya mtoto ni mwembamba na mkono hauingii vizuri. Ama fumua mshono wa nje wa mguu kwa shibiri moja ili uulaze wazi, ama ingiza chupa au gazeti lililokunjwa ndani yake usije ukashona mbele na nyuma pamoja. Kufumua huonekana kuwa kazi ya ziada, lakini huifanya iliyobaki kuwa nyepesi na safi, na mimi huipendelea njia hiyo.

Kwanza, kata nyuzi zinazoning'inia kwenye tundu, lakini usilipanue.

Pili, chora kwa sabuni mpaka wa eneo lote lililolika, kisha kata kiraka kinachouzidi mpaka huo kwa sentimita 2 kila upande. Mtande wa kiraka ufuate mtande wa nguo. Kiraka kilichokatwa mshazari hunyumbuka kuliko nguo na goti hutokeza kifuko. Pembe zake zikatwe ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Tatu, kilaze ndani ya nguo, upande wake mzuri ukitazama nje kupitia tundu, kishike kwa pini, na upige bandi kukizunguka chote. Ondoa pini kabla ya kuendelea.

Nne, kwa upande wa ndani, shona ukingo wa kiraka kwa mapigo madogo ya mshazari, ukidaka uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nguo ili mapigo yasionekane nje. Tano, rudi upande wa nje, kunja ukingo wa tundu kuelekea ndani kwa milimita tatu au nne, ukipunguza kwa ncha ya mkasi pale unapokataa kukunjika, na uushone juu ya kiraka kwa mapigo hayohayo.

Wengi huishia hapo, na goti la mtoto hulishinda kiraka hicho mapema. Kilichobaki ni kupitisha mistari ya bandi ndogondogo juu ya eneo lote, kutoka ukingo mmoja wa kiraka hadi mwingine, mistari ikiwa umbali wa nusu sentimita, ili kitambaa kilicholika na kiraka kilicho chini yake vibebe mvuto kwa pamoja. Kwenye kaptura ya kaki, mistari hiyo ikishonwa kwa uzi wa rangi inayolingana, haionekani mtu akisimama hatua mbili mbele. Ng'oa bandi ya mwanzo, ufunge mshono wa mguu ulioufumua, na upige pasi.

Ikiwa goti moja limetoboka, litazame la pili kwenye mwanga siku hiyohiyo. Mara nyingi limebakiwa na wiki chache, na kuliwekea kiraka cha ndani kabla halijatoboka ni kazi ya nusu ya muda.

Mchano wa msumari

Kitambaa kinapokwama na kuvutwa, mchano huwa na pembe, kwa kuwa hufuata mtande upande mmoja na mshindio upande wa pili. Hakuna kitambaa kilichopotea hapa, hivyo unarudisha kingo pamoja tu. Weka chini yake kipande cha bafta au cha leso nyembamba kinachouzidi mchano kwa sentimita 1 pande zote, sogeza kingo zigusane bila kupandana, na uishone pembe kwanza, kwa maana pembe ikiyumba, mistari yote miwili itakuwa mirefu au mifupi isivyolingana. Kisha endelea kutoka pembeni kuelekea kila ncha kwa mapigo yanayovuka mchano, mengine marefu na mengine mafupi kwa kupishana, ili mvuto usiangukie kwenye uzi mmoja. Usiukaze uzi, kingo zigusane tu.

Fulana

Ukiutazama ukingo wa tundu la fulana utaona vitanzi vidogo vilivyo wazi, na kila kitanzi kikiachwa hufungua kilicho juu yake. Kwa tundu lisilozidi punje ya mchele, tumia sindano nyembamba na uzi mmoja, daka kila kitanzi kwa kuzunguka tundu, vuta taratibu hadi lifumbe, na ukaze uzi kwa ndani kwa mapigo mawili madogo badala ya fundo kubwa.

Tundu la ukubwa wa kunde au njugu mawe likifumbwa hivyo huikunja fulana. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kiraka cha ndani kilichokatwa kutoka fulana nyingine, kikinyumbuka kuelekea upande uleule, na kushonwa kwa mapigo ya kwenda mshazari kushoto na kulia, ambayo hufuata mnyumbuko wa kitambaa. Mshono ulionyooka ungekatika siku ya kwanza fulana inapovuliwa kichwani. Njia ya pili inafaa nguo za kuvaa nyumbani na hutumia ufundi unaojulikana sana hapa: washonaji wa kofia za vito huzungushia uzi kila kitundu kwa mapigo yaliyobanana hadi ukingo uwe mgumu kidogo na safi. Tundu la fulana ya msichana linaweza kuzungushiwa vivyo hivyo, na vitundu vingine viwili au vitatu vikaongezwa kando yake kwa mpangilio, likawa ua. Mwachie mtoto achague rangi ya uzi.

Soksi na sweta

Sweta haivaliwi sana Mombasa nje ya asubuhi za masika na miezi ya baridi ya Julai na Agosti, lakini sare huitaka, na kiwiko chake hutoboka. Hapa tundu hutililiwa: nyuzi mpya hupitishwa sambamba juu ya tundu kuanzia kwenye kitambaa kizima, kisha nyuzi nyingine huzipitia kwa kukingama, moja juu na moja chini, hadi nafasi ijae. Nyoosha sehemu hiyo juu ya mgongo laini wa upawa ili usiivute ikakunjamana, na kila unapogeuza mstari, acha kitanzi kidogo, kwa sababu uzi mpya utanywea kidogo na kunyumbuka kidogo. Kwenye soksi usiweke fundo hata moja. Mtoto atalikanyaga mchana kutwa.

Nguo za watoto wachanga

Nguo za wachanga zina sharti lake. Uzi mrefu unaoning'inia ndani ya soksi, glavu au mguu wa suruali unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukibana hadi damu isipite, naye hawezi kusema kinachomuuma, analia tu. Pindua kila nguo uliyoitengeneza, kata nyuzi zote zilizo huru, na ushone kipande laini cha fulana juu ya sehemu yenye mapigo mengi inayogusa ngozi. Vifungo vilivyolegea vishonwe upya kwa uzi uliokunjwa mara mbili, au viondolewe na mahali pake pawekwe kamba za kufungia, maana kifungo kinachochomoka huenda moja kwa moja kinywani. Hesabu pini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza.

Gundi ile ya kukauka papo hapo isitumiwe kabisa kuziba nguo. Ikikutana na pamba hutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi, na ikikauka huwa ngumu yenye kukwaruza.

Sare, pasi na kufua

Mtoto aliyevaa kaptura iliyopasuka makalioni hutembea ubavu kwa ukuta na hukataa kukimbia wenzake wanapokimbia. Basi kiraka cha sare kiwe cha ndani, cha kitambaa kilekile, na kishonwe kwa subira, hata kama kitakuchukua jioni nzima. Maua ya leso na rangi kali ziachwe kwa nguo za kuchezea. Kitambaa kikiwa kimelika kutoka mapajani hadi magotini, usikitie kiraka tena. Kata sehemu zilizo nzima, uzifue, na uziweke kwenye mfuko wa viraka, ukitenga kaki, nyeupe na za kunyumbuka. Zipu iliyokufa na jinzi nene ya makalioni zipelekwe kwa fundi cherehani, kwani sindano ya mkono huzishona kwa taabu na bila nguvu ya kutosha.

Mashati mengi ya shule yamechanganywa na poliesta, ambayo huyeyuka na kung'aa chini ya pasi ya moto mkali. Ukitumia pasi ya makaa, ijaribu kwanza kwenye kitambaa kisicho na kazi, pangusa jivu, na utandaze kitambaa chenye unyevu juu ya kiraka. Bonyeza na kunyanyua, usiburuze. Fua nguo iliyotengenezwa ikiwa imepinduliwa, uianike kivulini palipo na upepo, kwa sababu jua kali la pwani hupausha kiraka na nguo kwa kasi tofauti, na uikague baada ya ufuaji wa kwanza: ukiona mapigo yamevuta kitambaa kikakunjamana, uzi ulikazwa mno, na ni afadhali kuufumua wakati huo kuliko kusubiri ukate.